Mstari Uliopanda Mguuni

Nilipokuwa mtoto wa kufukuza ndege kwenye omena, wale dagaa wa ziwani, kule Karungu, kidonda kilikuwa cha aina mbili tu: cha kuonyesha watu na cha kusahau. Changu kilikuwa cha kusahau. Mfupa wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishaenda kiwandani, ulinichoma chini ya kidole gumba cha mguu nikikimbia peku kando ya nyavu za kuanikia. Nikauchomoa, nikapangusa damu mchangani, nikaendelea kuwatupia ndege mawe. Kidonda kikajifunga chenyewe. Nani ana habari na kitundu kama kile?

Siku chache baadaye niliamka kinena kikiniuma. Nikapapasa, nikakuta kivimbe kigumu kama kokwa la zambarau. Mtoki. Watoto wote wa ufuoni tulipata mitoki, na hakuna aliyekosa kucheza kwa sababu yake. Nikachukua mtungi wangu niende zangu ziwani.

"Akinyi! Kwani unatembea aje?"

Huyo alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Dani. Ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa Muhuru Bay kwenye biashara ya samaki.

"Ni mtoki tu, Dani."

"Njoo hapa. Inua gauni."

Nikainua, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipouona. Mstari mwekundu, mwembamba, ulitoka karibu na kile kitundu cha mfupa, ukazunguka kifundo cha mguu, ukapanda upande wa ndani hadi chini kidogo ya goti. Dani aliziba mdomo kwa kiganja.

"Yawa," alisema. "Imerudi."

Kwetu watu waliamini kwamba anayekuchukia anaweza kufukia dawa njiani. Wewe unapita na mambo yako, unaikanyaga, inakuingilia mguuni na kuanza kupanda. Waliiita nyoka. Ikifika kinenani inapiga kambi, na ukiiachia ikafika kifuani, kwisha wewe. Nikiwasimulia rafiki zangu wa leo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Waache wacheke. Hawakulala pale kwenye mkeka wakiutazama mstari ukipanda kwenye mguu wao wenyewe.

Dani alichukua kipande cha makaa jikoni, akachora alama nyeusi mahali mstari ulipoishia. "Hapa usipite," aliuambia, kwa ile sauti ya kumkanya mbwa wa jirani. Kisha akachana leso kuukuu na kunifunga juu ya goti, akakaza mpaka nikalia. Akampigia simu nyamrerwa, mama wa dawa wa kijiji chetu, aje upesi na wembe.

Jua lilikuwa kali, lakini mimi nilitetemeka meno yakigongana. Chai iliponipita kooni niliitapika. Nilipoutazama tena mguu, mstari ulikuwa umeivuka alama ya makaa. Dani akachora nyingine juu yake. Watoto walipotoka shule kula mchana, ulikuwa umeivuka hiyo pia na kupita chini ya kitambaa, na unyayo wangu umevimba hadi vidole havionekani vizuri. Dani akachora alama ya tatu.

Lakini kilichonitisha kuliko mguu ni maneno ya Dani. Mimi niliitwa Akinyi kwa jina la dada yake baba, aliyefariki akiwa mtoto wa umri kama wangu. Kwetu jina la marehemu si jina tupu, linakuja na mwenyewe. Habari zake nilizozijua ni moja tu, kwamba "alichukuliwa". Sasa Dani alikuwa ananipangusa uso kwa kitambaa chenye maji, na nikagundua kwamba hazungumzi nami.

"Akinyi, mwachie mtoto," alinong'ona. "Kama unamtaka mtu, si niko hapa? Nichukue mimi."

Mungu wangu. Nililala pale nikiamini kwamba kuna msichana ananivuta mguu, na msichana huyo ana jina langu.

Nyamrerwa alifika akihema, kikapu begani. Alinipapasa kinena, nikapiga ukelele.

"Kichwa cha nyoka ndicho hiki," alisema. "Tukikipasua, sumu itatoka. Mshike mabega."

Dani akanishika. Nikasikia karatasi ya wembe ikichanwa. Nikasikia pia moyo wa Dani mgongoni kwangu, unakwenda mbio kuliko wangu. Wembe uliposhuka, mkono mmoja wa Dani uliniachia bega, ukaja ukafunika mtoki wote.

"Huyu hapana."

"Mama, unachelewesha."

"Yule mwingine tulimpasua. Nilimshika hivi hivi, mimi mwenyewe, na jua halikutua akiwa hai." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Huyu hapana!"

Nilidhani watagombana. Lakini nyamrerwa aliurudisha wembe kwenye karatasi yake taratibu. Hakuwa mtu mbaya yule mama. "Basi mkimbize hospitali," alisema. "Hata mimi naogopa."

Jirani alitubeba kwa pikipiki, mimi katikati, Dani nyuma amenikumbatia kama mzigo wa mayai. Hospitali ilikuwa imejaa. Kijana mmoja aliyevaa koti jeupe alipita, akauona mguu wangu, akasimama.

"Dani, hii kitambaa ni nani alifunga?"

"Mimi."

"Usifunge tena, sawa? Inazuia." Akakikata kwa makasi. Kisha akaziona zile alama nyeusi. "Na hii makaa?"

Dani aliona haya. Akalowesha ncha ya leso kwa mate aanze kufuta.

"Wacha, usifute! Hii ya chini ulichora saa ngapi?"

"Asubuhi, maji ya chai yalipochemka."

"Na hii ya juu kabisa?"

"Watoto walipokuja kula."

Alipima umbali kati ya alama kwa vidole vyake, akageuka na kumwita nesi kwa sauti kubwa. Foleni yote ilituachia njia. Nikachomwa sindano, nikawekewa dripu, nikalala.

Homa ilipopungua, kesho yake, Dani alimshika mkono yule kijana wa koti jeupe, daktari, akitaka kujua ni nani aliyenifanyia. Daktari akavuta kiti. Akasema mwili una njia nyingine mbali na za damu, nyembamba sana, zinapitisha yale maji meupe tunayoyaona goti likichubuka. Hayasukumwi na moyo, yanasukumwa na misuli tunapotembea na kupumua. Vijidudu viliingia pale mfupa uliponichoma, vikafuata njia hiyo, nayo ikawaka. Huo ndio mstari.

"Na mtoki?"

"Hiyo ni tezi. Iko kama kizuizi cha polisi kwa barabara. Maji yote ya mguu lazima yapite hapo, na chembe nyeupe za damu ziko ndani zinangoja. Zikikamata adui zinaitana, zinazaana, zinatengeneza kingamwili za kummaliza. Ndio maana inavimba. Ukiikata, unaumiza wale wanakupigania."

Dani aliugusa mtoki wangu kwa ncha ya kidole.

"Na wa binti yangu?" aliuliza. "Wa kwanza. Jina lake ni hili hili. Walipigana?"

Daktari hakumjua huyo binti. "Alikuwa na mtoki?"

"Mkubwa. Unauzidi huu."

"Basi walipigana, Dani. Walipigana sana. Walikosa tu dawa ya kuwasaidia."

Dani akafunika uso kwa leso, mabega yakatikisika. Sikuwahi kumwona akilia. "Nilimkasirikia," alisema ndani ya kitambaa. "Miaka yote hii. Nilidhani alienda tu, kwamba hakutaka kukaa na mimi."

Leo nina watoto, na nyayo zao nazikagua kila jioni, wanachoka na mimi. Dawa ya mguu wangu ilitoka kwenye chupa, hilo sibishani na mtu. Lakini Dani aliona kitu cha kweli kikipanda, akakipa jina alilokuwa nalo, na uoga wake ndio uliousimamisha wembe. Sijui ningewezaje kumcheka.

Tuliporudi nyumbani alichukua jembe, akatoka nje ya ua, mahali wanapozikwa mabinti ambao hawakuolewa. Kaburi la yule Akinyi wa kwanza sikuwahi kuliona likipaliliwa. Nilikaa chini, mguu nimeunyoosha, nikamtazama aking'oa magugu kwa mikono jembe lilipokuwa zito. Kisha akapiga magoti, akaliita jina letu, akamwambia mwanawe pole.

Tangu siku ile sijaliogopa tena jina langu.