Sauti Isiyonisubiri

Mjukuu wangu alinitia sauti yake masikioni, akanigeuza uso kuelekea barabara, akasema, "Haya bibi, nenda." Akaondoka zake. Hivyo ndivyo nilivyopotea katika kisiwa ambacho ukitembea kidogo tu, upande wowote, unakutana na maji.

Mimi ni mtu wa Daudi, Mbulu. Nimelima maharage na vitunguu swaumu tangu sijavunja ungo, na nimetembea hadi Mbulu mjini na mzigo mgongoni mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Mjukuu huyu nimemlea mwenyewe tangu anaota meno. Ndiye wa kwanza kwetu kumaliza chuo, na nikisema hivyo huwa nanyamaza kidogo ili watu wasikie vizuri. Alisomea mambo ya watalii. Nilidhani atafanya kazi karibu, Babati au Karatu. Kumbe akaenda kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria, kwenye mji mdogo wa wavuvi, eti huko hakuna anayewaongoza wageni. Siku moja akapiga simu: "Bibi, njoo unisaidie kazi." Nikapanda basi hadi Haydom, nikaunga hadi Singida, nikaunga hadi Mwanza, kisha kivuko, ambacho nilikipanda macho nimeyafumba.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ametengeneza matembezi ya kusikiliza. Unaweka simu mfukoni, unatia hedifoni masikioni, na sauti yake inakuambia pita hapa, tazama pale, nyumba ile ilijengwa na fulani. Mgeni anatembea peke yake. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mnene mwenye sauti kavu, ndiye angeyachukua awape wageni wake. Lakini alikuwa mgumu. Alisema mbele yangu, huku anachambua mchicha:

"Vijana wa hapa hawanisaidii kupima, wanaijua njia. Nataka mgeni kabisa. Bibi yako akitoka hapa peke yake, sauti ikamfikisha mwaloni, nachukua. Isipomfikisha, binti, rudi kwenu ukalime."

Mwalo ni pale mitumbwi inapoegeshwa na dagaa wanapoanikwa. Wao wawili wangenisubiri huko. Mjukuu wangu alinitazama kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Nikamwambia, "Usiogope. Miguu hii unaijua."

Alinionyesha mahali pa kugusa ili sauti isimame. Nikagusa, ikasimama. Nikagusa, ikaendelea. Nikasema nimeelewa, na kweli nilielewa. Ila jambo la kugusa ili kitu kinyamaze ni la redio. Huyu si redio. Huyu ni mjukuu wangu.

"Karibu mgeni," ikasema sauti. "Leo tutatembea pamoja."

Kwanza nilikasirika. Mtoto niliyemwogesha ananiambia karibu mgeni bila shikamoo! Nikamjibu kwa sauti, "Shikamoo iko wapi?" Mtu wa bodaboda aliyekuwa anafuta pikipiki yake akadhani nasema naye. Akaruka wima: "Shikamoo bibi, samahani sikukuona."

Nikavua hedifoni nikamwitikia. Utamwitikiaje mtu masikio yameziba? Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Mbulu. Akasema Mbulu ni Kenya? Ikabidi nimweleze. Nikamuuliza na yeye habari za nyumbani, mke, watoto, mvua. Muda wote huo mjukuu wangu ananing'inia kifuani kwangu kwa ule waya, ananong'ona.

Kwetu ukiwa njiani na mwenzako, mkakutana na watu, ukasimama kusalimia, mwenzako anasimama. Hata kama hawajui hao watu, hata kama anawahi hospitali, anasimama, anatazama chini, anasubiri umalize. Hakuna anayemwambia subiri. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayetembea na mimi anaweza kuendelea na safari peke yake, akaniacha nimesimama na salamu mdomoni.

Nikavaa tena. "Geuka kushoto," akasema. Nikageuka kushoto. "Mbele yako ni kanisa la mawe. Tazama mlango wake."

Mbele yangu palikuwa na duka la nyavu. Nyavu za kijani, nyavu za bluu, na mzee mmoja ameketi kwenye ndoo anashona tundu. Nikatazama mlango. Ulikuwa wa bati.

"Shikamoo," akasema yule mzee, maana nilimzidi umri, yeye alinizidi mvi tu.

"Marahaba. Kanisa limehamia wapi?"

"Kanisa, mama? Hapa ni nyavu."

"Mjukuu wangu anasema ni kanisa. Msikilize mwenyewe."

Akachukua hedifoni moja, akaifuta kwenye shati, akatia sikioni. Akasikiliza huku mdomo wazi. "Hasemi kanisa," akasema. "Anasema tupo sokoni, tunanusa sangara wa kukaanga." Akanusa. "Mimi nasikia gundi tu."

"Sasa hivi alisema kanisa!"

"Basi amebadili mawazo. Mjukuu wako ana sauti nzuri, lakini ni mwongo huyu."

Nilimnyang'anya. Mjukuu wangu haitwi mwongo na mtu ninayekutana naye juu ya ndoo. Lakini moyoni niliingiwa na kitu. Nilipovaa tena, sauti ilikuwa inasema nimepita mti mkubwa na sasa nashuka ngazi za mawe. Sikuwa nimepita mti. Hapakuwa na ngazi.

Watoto wakatoka shule. Kila mmoja, shikamoo bibi, shikamoo bibi, na kila mmoja anataka marahaba yake, huwezi kuwatupia moja wagawane. Nilivua, nikavaa, nikavua. Kila nikivaa nakuta mjukuu wangu yuko mahali pengine. Anasema, "Kulia kwako utaona mitumbwi ya dagaa na taa zake za usiku." Kulia kwangu mbuzi wawili wanakula boksi. Anasema, "Hapa ndipo mabwana wa kikoloni walipopimia pamba." Hapo kinyozi anamnyoa mtu, wote wawili wakanitazama nilivyokuwa nawakodolea macho natafuta pamba.

Nikaanza kupima ni nani aliyeharibika. Kwanza nikasema ni mimi, kichwa kimechoka. Nikajitajia wanangu wote kwa kufuatana, na wajukuu, na majina ya ng'ombe tuliokuwa nao nilipoolewa. Walikuwepo wote. Kisha nikasema ni yeye: mtoto amekaa peke yake ziwani, amechanganyikiwa, anaona makanisa kwenye nyavu. Hilo liliniuma. Kisha, na watu wa huku mnisamehe, nikasema labda ni ardhi. Tangu matope ya Mlima Hanang yaliposhuka mtaani Jorodom na mtaa ukawa si ule tuliolala tukiujua, mimi siwezi tena kuapa kwamba nyumba haisogei. Nilishika ukuta wa kinyozi. Ulikuwa umetulia.

Kwetu ukipotea huhangaiki. Unashuka. Maji yako bondeni, njia inafuata maji, na njia ina watu. Basi nikashuka. Nikakuta ziwa, mawe na ndege weusi, hakuna mwalo. Nikarudi, nikashuka upande mwingine. Ziwa tena. Huku kila mteremko unaishia kwenye ziwa lile lile, na kila mahali panafanana na nilipotoka. Nilimwazia yule mama wa mchicha amekunja mikono, anatazama njia. Nikaongeza mwendo. Nikapita katikati ya nyumba, nikainama chini ya kamba ya nguo, nikatokea kwenye uwanja wenye banda la kuku.

Hapo sauti ikasema, taratibu, kwa upendo kabisa: "Tumefika mwisho wa safari yetu. Asante kwa kutembea nami. Kwaheri."

Kisha kimya.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Kwaheri ya wapi? Usiniache hapa! Rudi!"

Kuku wakatawanyika. Mwanamke akatoka ndani, mikono ina magamba ya samaki. Nilikuwa nimeingia kwa mtu bila hodi, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

"Shikamoo bibi. Unamwita nani?"

"Mjukuu wangu. Ameniaga sasa hivi."

Akanitazama, akatazama waya, akaweka mkono kifuani. "Jamani. Pole sana bibi. Alikuwa anaumwa?"

"Haumwi! Yuko mwaloni ananisubiri!"

Ilichukua muda kuelewana. Nikamweleza yote, mpaka maneno ya mama mwenye nyumba ya wageni. Alimjua. Humuuzia samaki. "Yule?" akasema. "Yule akisema hapana, hata ziwa likauke ni hapana." Akanawa mikono, akajifunga khanga, akaniongoza. Kumbe mwalo ulikuwa nyuma ya nyumba tatu nne tu, nilikuwa nauzunguka kama nzi anavyozunguka kikombe.

Kabla hatujatokea, akanishika mkono. "Sikia bibi. Vaa hizo nyaya. Nenda peke yako, polepole, tazama huku na huku kama unasikiliza. Mimi nakaa nyuma ya tangi hili. Nani atajua?"

Nikavaa. Masikioni hapakuwa na kitu, kama kuziba masikio kwa pamba. Nikatokea.

Mjukuu wangu aliniona, akaruka juu kama wakati ule alipofaulu darasa la saba. "Bibi! Umefika! Mama, si nilikuambia?" Akanikimbilia akanikumbatia, na moyo wake nikausikia unadunda kwenye bega langu.

Yule mama hakusogea. "Umechelewa sana, bibi," akasema. "Haya niambie. Sauti ndiyo iliyokuleta?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilishafika kwenye meno. Ningelisema, mtoto angebaki na kazi yake, na mimi ningerudi Daudi nikamtangaze barabara nzima. Lakini nikamwona mgeni mwingine, mzungu labda, asiyejua hata hodi, amesimama kwenye lile banda la kuku anaagwa, giza linaingia. Na lawama zingemwangukia nani?

"Hapana," nikasema. "Sauti imeniacha kwa kuku. Nimeletwa na mtu."

Mikono ya mjukuu wangu ikalegea mabegani mwangu.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "si nilikuonyesha pa kugusa? Kwa nini hukuisimamisha?"

"Nikusimamishe wewe? Watu walikuwa wananisalimia! Kwa nini hukusimama mwenyewe?"

"Bibi, ile ni rekodi! Haioni watu!"

"Na wewe ulipokuwa unairekodi, watu hukuwaona?"

"Nilirekodi alfajiri, kelele zisiingie. Hapakuwa na mtu njiani. Nilitembea na kuongea, nikatembea na kuongea, mpaka mwisho."

Yule mama alicheka mara moja, kavu, kisha akaacha. Alitazama ziwa. Nilingoja aseme rudi ukalime. Nilingoja pia aseme basi nachukua. Hakusema hata moja. Alisema, "Dagaa wangu watalowa, wingu lile," akapanda mchanga akaenda zake, na mpaka leo sijui uso wake ulikuwa unasema nini.

Mjukuu wangu akaketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Nikaketi pembeni yake. Alinukia sabuni ile ile anayopenda.

"Nimekuharibia?" nikamuuliza.

"Sijui, bibi."

"Amesema hapana au amesema ndiyo?"

"Hata mimi sijui." Akafuta pua. "Hakusema hapana."

Kisha akasimama, akachukua simu kwangu, akaminya hapa na pale. "Inuka," akasema. "Tunarudi pale ulipoanzia. Nionyeshe kila mahali uliposimama. Na usiongee, narekodi."

"Nisipoongea nitakuonyeshaje?"

"Simama tu. Nitaona."

Tukaanza. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, jioni ile wavuvi wanabeba taa kwenda kwenye mitumbwi, na kila mmoja ana salamu yake. Nikisimama, naye anasimama. Anatazama simu, anasogeza mdomo karibu nayo, anasema maneno ambayo siyasikii kwa sababu ya injini zinazowashwa ziwani. Anaponitazama, sijui kama ameniambia mimi jambo au amemwambia mgeni ambaye hajafika. Nikimuuliza "unasemaje?" ananiwekea kidole mdomoni. Basi nikawa nasimama pale ninapokumbuka na pale nisipokumbuka, na yeye ananisubiri.