Kaseti Niliyoiosha

Juzi mwanangu alifungulia roki kwenye simu, magitaa yakakwaruza, na pua yangu ikajaa harufu ya sabuni ya kipande.

Nilipokuwa mdogo, kaka yangu Mutua alikuwa ameazima kaseti ya roki kwa mwenzake wa shule, airudishe Jumatatu. "Hawa wanamuziki hupigia kwa gereji," aliniambia, "kama wale mapanki wa zamani, wapiga roki ya fujo." Gereji niliyoijua ilikuwa ya Machakos mjini, yenye oili hadi ukutani. Nikaamini sauti ilikwaruza kwa uchafu wa huko. Sikujua walirekodi hivyo makusudi.

Mutua alipoenda mtoni, niliuvuta utepe wote, nikauosha kwenye karai, nikauanika kwenye kamba ya nguo. Ulikuwa unakauka, ukivuma kwa upepo, niliposikia mitungi yake ikigongana langoni.

Alisimama mbele ya kamba.

"Nimeitoa oili," nikasema.

Aliurudisha utepe kwa kalamu ya biro, polepole, bila kunitazama. Akabonyeza redio. Kimya. Kisha magitaa yakakwaruza vilevile.

Nikaanza kulia, kwa kuwa bado ilikuwa chafu. Mutua aliketi sakafuni, akashusha pumzi.

"Asante Mungu," akasema.