Mifuko ya Jicho la Mama

Mama yangu hakuwahi kutupa chombo. Kibuyu kikipasuka alikishona, kopo likitoboka alilifanya la kuwekea mbegu. Kwetu Ihumwa, ambako wakati wa kiangazi tulichimba mchanga wa korongo kutafuta maji, mtu aliyetupa chombo kizima alionekana ana kasoro kichwani. Hayo niliyajua tangu utotoni, lakini nilipoanza kutengeneza mifuko yangu niliyasahau.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nami nilikuwa muuguzi hospitalini, mjini Dodoma. Ugonjwa wa vikope ulikuwa umekwisha kumpofusha mama jicho la kushoto. Kope za jicho la kulia nazo zilijikunja ndani, zikawa zinalikwaruza kila anapopepesa. Daktari wetu, Mwingereza mpole asiyependa kurudia neno, alimpasua akazigeuza nje. Akaniambia jicho lioshwe kila asubuhi kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa mpaka kidonda kipone, vinginevyo litapofuka kama lile la kushoto. Mama akakataa katakata kulala wodini. Alikuwa na mbuzi wake, na mbuzi hawangoji mtu apone.

Ikabidi maji nimpelekee mimi, lakini chupa hospitalini zilikuwa chache, na njia ya Ihumwa kwa baiskeli ilikuwa na mashimo yasiyo na huruma. Chupa ya kwanza ilivunjika kabla sijafika nusu ya safari. Nilirudi na maji ya chumvi kwenye sketi, nimenuna.

Dawa ya tatizo hilo niliipata kwa Mhindi mmoja muuza mashati. Kila shati lilimfikia limevikwa nailoni nyembamba inayoonyesha, naye alikuwa akizivua na kuzitupa.

"Chukua zote, dada," alisema. "Lakini takataka hizi za nini?"

"Nataka kushona maji," nikamjibu. Alicheka mpaka mkewe akachungulia kutoka ndani.

Nilikata vipande, nikavikunja, nikapitisha pasi ya mkaa kwenye kingo juu ya karatasi. Pasi ikizidi moto, nailoni inatoboka. Ikipoa, inashikana kwa uongo, na maji yanakuumbua njiani. Pembe zilizochongoka ndizo zilizopasuka kwanza, kwa hiyo nikazikata mviringo. Shingo ya mfuko ndiyo iliyonitesa kuliko yote, maana ikilowa hata kidogo haishiki pasi. Nikajifunza kujaza maji kwa bomba la sindano, kuifuta shingo kwa pamba safi, ndipo naifunga. Daktari aliubinya mmoja, akaupindua, akauangusha sakafuni. Haukuvuja. Alinipa ruhusa kwa sharti moja: mfuko ukishafunguliwa, utumike hapo hapo kisha utupwe, kwa sababu uchafu huingia mara moja.

Nilimpelekea mama mzigo mzima, nikamweleza sharti. "Nimesikia," alisema.

Jumapili iliyofuata nilikuta jicho jekundu, limevimba, linatoa usaha. Ukutani mifuko yangu ilining'inia imefungwa midomo kwa uzi. Mingine ilikuwa na maji nusu. Mingine ilikuwa imejazwa upya kwa maji ya korongoni.

"Mama! Si nilikwambia utupe?"

"Nitupe maji meupe namna ile? Wewe umelelewa wapi?" Kisha akalegeza sauti. "Nilikuonea huruma, mwanangu. Sikutaka uchoke kupiga pasi."

Hasira ilinipanda, na chini yake kulikuwa na woga mtupu. Niliona atakavyokuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Niliosha jicho, nikaondoka bila kunywa hata uji.

Baiskeli ilinipoza. Nilipofika mjini nilikuwa nimeshakubali kwamba mama hatabadilika, kwa hiyo itabidi mfuko ndio ubadilike. Nilihitaji mfuko usiowekeka. Kwanza niliufanya mdogo, maji ya kuosha jicho moja mara moja, basi. Halafu nikachunguza nailoni kama ninavyochunguza kitambaa, nikagundua ina upande mtiifu na upande mbishi: ukiichana huku inakwenda moja kwa moja, ukiichana kule inagoma. Nikakata mifuko ili upande mtiifu utoke shingoni hadi chini, nikatia alama ndogo ya mkasi mahali pa kuanzia. Ukiuvuta unachanika wote, na hakuna uzi duniani utakaoufunga tena.

Mama alichana wa kwanza mbele yangu, akabaki na kipande mkononi.

"Huu umeutengeneza kwa chuki," alisema.

Lakini aliutumia, na mwingine kesho yake, na wiki hata wiki. Vipande alivikusanya kapuni. Sikumsema.

Jumapili moja, nikiwa bado njiani kati ya mashamba ya uwele, niliona kitu kinameta kwenye ukuta wa tembe letu. Lile tundu la ukutani lililozibwa siku zote kwa gunia, kuzuia vumbi, lilikuwa na dirisha. Mama alikuwa ameshona vipande vyote vya nailoni pamoja, ukingo kwa ukingo, na nyuma yake kulikuwa na kivuli cha kichwa.

Asubuhi ile bega la gauni langu la kazi lilikuwa limefumuka, nikalishona haraka kwa uzi wowote uliokuwa karibu. Sijaegesha baiskeli, sijasema hodi, nikasikia sauti ya mama kutoka nyuma ya dirisha:

"Uzi mweusi kwenye gauni jeupe! Hospitali nzima hakuna mwenye macho?"