Kahawa Aliyoitafuna Mgeni Rasmi

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni ile niliyosimama mkutanoni Muleba kumuumbua mgeni rasmi. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, na suruali yangu ilikuwa pana kuliko akili yangu.

Ilikuwa enzi ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Kibanja chetu cha Ijumbi, chenye migomba, mibuni na kaburi la mama, kilikuwa mbali na barabara, kwa hiyo tulitakiwa kukiacha. Jumapili kabla ya mkutano, mgeni rasmi huyo, mkubwa wa serikali, alipita nyumbani. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, akampa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa kila mgeni wa heshima. Akatafuna, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe kaa tu. Mimi sijaona kitu."

Jumanne akatangaza jukwaani kwamba hakuna kaya itakayobaki. Tata alitulia, alijua yale ni maneno ya jukwaani. Mimi niliyekuwa nasomea falsafa sikujua. Nikainuka. Tata akanivuta shati, nikajinasua.

"Mheshimiwa, Jumapili ulitafuna kahawa ya baba yangu, ukaahidi hatutahama. Leo unasemaje?"

Watu wakapiga makofi. Niliyafaidi kwa muda mfupi sana.

Mgeni rasmi akacheka. "Kumbe wazee wa Ijumbi mnanihonga kwa buni! Haya, tutaanza na mzee huyo. Kesho."

Kesho yake tukahama. Njiani Tata aliniambia neno moja tu: "Msomi, kahawa ile aliitafuna nyumbani kwangu. Nani alikutuma uitoe hadharani?"

Hakulitaja tena jambo hilo. Alipofariki tulimzika kule kijijini kando ya barabara, mbali na mama.

Sikwambii unyamaze, mwanangu. Majirani walionyamaza nao walihamishwa. Mahali ambapo mkubwa huambiwa ukweli akausikia, mimi sijapaona, na mvi zimeshaanza. Ila kabla hujamkabili mbele ya umati, jiulize nani ataadhibiwa. Akiwa ni wewe, simama. Akiwa ni mwingine, kamuulize kwanza. Kinywa ni chako, lakini kibanja ni chake.

Mungu akujalie ujasiri. Na siku hiyo akukalishe karibu na mtu wa kukuvuta shati, nawe usijinasue.