Saa Kumi na Nane Hadi Seoul

Mwezi wa sita kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Dongobesh, hunuka maganda ya maharage na moshi uliolowa ukungu. Ndiyo harufu iliyojaa uani wakati dada yangu Martina aliposafiri kwenda Seoul kukimbia mbio ndefu. Nilikuwa na miaka tisa. Martina alizoea kupanda vilima vyetu mbio, lakini ndege hakuwahi kupanda, wala nyumbani hatukumjua mtu aliyewahi.

Mwalimu wetu alitandaza ramani, akanyoosha uzi kutoka Dar es Salaam hadi Seoul. "Zaidi ya kilomita elfu kumi," alisema. "Saa sita hadi Doha, atasubiri tatu, kisha tisa tena. Akiondoka Jumamosi saa kumi na moja jioni, Jumapili saa tano asubuhi kwetu atakuwa amefika. Kule itakuwa jioni." Nikamwahidi mama kwamba saa tano Martina atapiga simu.

Jumapili asubuhi redio ya jirani ikatangaza ndege imeanguka baharini. Bahari gani, ndege ya wapi, jirani hakusikia vizuri. Mama alikuwa anapepeta maharage. Ungo ukatulia mikononi mwake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Saa ngapi sasa?" Tangu alfajiri nilikuwa naiwasha simu ya baba kila mara kuangalia saa. Nilipoibonyeza safari hii, haikuwaka. Chaji ilikuwa imekwisha, na umeme ulikuwa Dongobesh tu.

"Baba, ni mimi," nilisema. "Nimeimaliza mimi."

Baba hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alinishika mkono tukaondoka. Njiani tulikutana na watu wakitoka kanisani. Niliwapa wakubwa shikamoo nikiangalia chini, nikidhani wote wameshajua. Kwenye duka la kuchajia simu, saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Simu ilipowaka, meseji zikaingia mfululizo kutoka namba ndefu ya kigeni. Baba akanipa nisome.

"Nimefika salama." Ya pili: "Mbona hampatikani?" Ya tatu: "Mama mzima? Niambieni ukweli."

Sikuwahi kufikiri kwamba anayeondoka naye huogopa. Baba alikaa juu ya gunia, akajifunika uso kwa kofia. "Mwandikie dada yako kwamba mama mzima," alisema. "Kisha kimbia ukamwambie mama yako." Nilikimbia njia nzima.

Mwaka huu Martina, ambaye sasa ni kocha, aliwapeleka wanariadha wake mji uleule. Mimi naishi Katesh, na simu yangu huonyesha ndege ikisogea juu ya ramani, kasi yake na kilomita zilizobaki. Mama, aliyekuwa kwangu siku hiyo, alikataa kuangalia. Alisema nimwambie dada akishatua. Utotoni niliogopa kwa sababu sikujua lolote. Safari hii nilijua alipo kila dakika, na ile ndege ndogo ya kwenye kioo ilipoacha nchi kavu ikaingia baharini, sikuweza kumeza hata uji.