Vyuma Vimekaza Kikaoni

Tangu niwekewe vyuma vya meno, midomo inaniwasha. Nilisoma mtandaoni kwamba vyuma hutoa nikeli kidogo kidogo, na wapo wenye aleji nayo. Nikajiweka kundini. Daktari aliniambia niache kulamba midomo kwenye baridi hii, nami nikaamini ananificha.

Kazini, kwa wakala wa forodha hapa Tunduma, bado niko kwenye majaribio. Nikawa naongea nimefunika mdomo, wasije wakaniondoa kwa ugonjwa.

Jumatatu bosi wetu, Mama Siame, alifungua kikao akinitazama.

"Jamani, malori hayavuki kama zamani. Vyuma vimekaza, hela hakuna. Lazima tuondoe kitu."

Mtu mwenye akili timamu angesikia malori. Mimi nilisikia vyuma, nikasimama.

"Mama, nakuomba usiniondoe! Havijakaza sana, daktari anaweza kuvilegeza. Na hiyo nikeli ni kidogo, siambukizi mtu!"

Nikafunua midomo hadi fizi, aone mwenyewe.

Mhasibu alipaliwa na chai. Mama Siame alijikaza, akashindwa, akafuta machozi kwa mtandio.

"Funga mdomo, mwanangu. Tunaondoa chapati za saa nne."