Wifi Yangu Niliyemnyamazia

Nilipofikisha miaka arobaini na sita, daktari mmoja wa Beni aliniambia nina sukari. Nilikuwa nimekwenda kupokea mzigo wa vitenge kwa ajili ya duka langu la Kimemi, mjini Butembo, kiu ikanitesa njia nzima, ndipo kaka yangu akanipeleka kupimwa. Vidonge kila siku, akasema daktari, ugali kidogo sana, chai kavu, na nitembee kwa miguu. Niliogopa hasa. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huohuo, amekwisha kukatwa mguu.

Butembo haikutaka nipone. Huku kwetu mama wa biashara lazima awe na mwili, mwili ndio kibao cha duka lake. Nilipoanza kutembea asubuhi, waendesha pikipiki walinicheka: "Mama, commerce imeanguka?" Wanawake wa kwaya walinitazama shingo ilivyokonda wakanong'ona. Niliichukia kwaya nzima, sauti ya kwanza hadi ya nne, nikaendelea kutembea.

Lakini niliyemchukia kuliko wote ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Musienene. Kila msiba wa ukoo yeye ndiye mpishi, na akishika mwiko hakuna wa kumwambia neno. Tangu niolewe ameniona mtu wa mjini mwenye maringo, nami nimemwona mwanamke wa makelele. Hatukuwahi kufichana.

Baba mkwe alipofariki tulikaa Musienene siku nne. Kwa haraka ya safari nilisahau vidonge nyumbani. Siku ya kwanza wifi alinipakulia ugali wa muhogo, bukari yetu, sahani tele, maharagwe juu. Nikasema asante, sili. Kwetu neno hilo ni hatari: ukikataa chakula mbele ya waombolezaji, umemwambia mpishi kwamba ametia sumu.

"Unakataa bukari yangu?" akauliza, ua mzima ukageuka. "Sema basi mbele ya batu bote: mi niko mulozi?"

"Hapana, wifi. Docteur alinikataza."

"Docteur gani anakatazaka mutu kukula kwa kilio?"

Akamega tonge kwenye sahani yangu, akalitafuna taratibu huku wote wakimtazama, kama desturi inavyomtaka mpishi ajisafishe. Kisha akanisukumia sahani. Baada ya hapo huna tena sababu ya kukataa. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Basi nikala. Nilikula yote kwa hasira, nikaomba nyingine, nikamkazia macho mpaka akageuka. Siku tatu nilikula hivyo, na chai ya sukari nyingi juu yake.

Siku ya nne nilianguka mbele ya jiko lake.

Nilizinduka hospitalini Butembo, mpira wa maji ya serumu mkononi. Mashangazi wa mume wangu walikuwa wamezunguka kitanda, na hukumu wameshaitoa.

"Ule mwanamuke alimutilia sumu," akasema mkubwa wao. "Tuliona bote vile alimulazimisha."

Muuguzi akawaambia ni sukari imepanda. Hawakumgeukia hata kidogo. Waliniinamia mimi: "Sema, mama. Ni yeye?"

Neno moja lingetosha. Nguvu za kulisema nilikuwa nazo, sitadanganya. Nilifumba macho. Nilifurahi, ndiyo, nilifurahi, nikawaza: acha naye aonje. Siku mbili nilinyamaza. Katika siku hizo walimnyang'anya masufuria ya ukoo, na mawe yakarushwa juu ya bati la nyumba yake. Alikuja hospitalini wakamzuia mlangoni. Nilimsikia akiomba anione tu, nikageukia ukutani.

Siku ya tatu nikasema. Niliwaeleza vidonge nilivyosahau, sahani nilizoomba mwenyewe, nikaapa kwa jina la Bikira Maria. Shangazi mkubwa akanipapasa mkono.

"Uko na roho muzuri, mama. Unamuhurumia."

Mwaka mmoja umepita. Nameza vidonge, natembea hadi sokoni kila asubuhi, daktari ananisifu. Nguo zangu zote nimezipeleka kwa fundi azipunguze. Wifi haitwi tena kupika popote. Mwezi uliopita tulikutana kwenye msiba huko Kayna, amekaa peke yake kwenye ukingo wa turubai. Hakuna aliyemsalimia. Nilikuwa nimeinuka niende kwake wakati shangazi mkubwa aliponidaka mkono, akauzungushia vidole viwili, vikakutana. Akauinua juu watu wauone.

"Muangalie," akasema kwa sauti. "Ile sumu iko inamukula mpaka leo."

Wifi alisikia. Alijifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.